Mkamuaji wa Njoro Aliyeviogopa Vidonge Vyake

Saa tisa alasiri, katika boma moja nje ya Njoro, Winrose Jerop anaosha kiwele cha ng'ombe wa kwanza. Hachuchumai kama zamani. Anapiga goti moja, kisha la pili, mkono mmoja ukishikilia tumbo, ndipo anapovuta ndoo. Nyuma yake wanangoja wengine kumi na watatu.

Ni miezi minne tangu mkamuaji huyu mwenye umri wa miaka ishirini na saba alipojifungua kwa upasuaji. Binti yake, Shantel, amelala katika chumba kinachotazamana na zizi.

Mumewe, Kibii, huendesha trekta katika mashamba ya ngano ya Mau Narok, na hufika nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama mzazi wa Jerop alikwisha kufariki.

"Nilitoka hospitali na mtoto, karatasi na vidonge," anasema. "Mtu wa kuuliza, sikuwa naye."

Basi alijiuliza mwenyewe, akajijibu kwa elimu ya zizini. Ng'ombe akidungwa dawa, maziwa yake humwagwa siku tatu, maana kiwanda cha maziwa hakiyapokei. Hata paka hapewi. Jerop aliviangalia vidonge vya maumivu, akamwangalia mtoto kifuani, akavifungia katika kitambaa.

Kwa siku tano hakumeza hata kimoja. Akikohoa, alihisi mshono unafumuka. Mwishowe hakuweza hata kumpakata mtoto, na maziwa yale yale aliyokuwa akiyalinda yakaanza kupungua.

Siku ya sita alijikokota hadi kliniki ya hospitali ile ile, akampata muuguzi aitwaye Tabby.

"Dawa ulimeza saa ngapi?"

"Sijameza, sista. Si maziwa ingeharibika?"

"Nani alikwambia hivyo?"

"Ng'ombe."

Tabby alicheka, kisha akavuta kiti karibu alipoona Jerop hacheki.

"Mama, wewe hupeleki maziwa kwa dairy. Hizi tulikupea tukijua unanyonyesha. Meza kwa saa yake, usingoje uchungu ikulemee kwanza."

Alimfundisha pia kugeukia ubavu kabla ya kuinuka kitandani, na kukumbatia mto tumboni anapokohoa. Baada ya siku chache maziwa yakarudi. Ila nyumbani bado hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Sasa Jerop amemwomba Tabby ruhusa ya kuketi kliniki na akina mama waliojifungua kwa upasuaji, kila Alhamisi, kabla ya kukamua. Bado hajajibiwa.

"Sina masomo ya kufundisha mtu," anasema, akifuta mikono kwa aproni. "Nitawauliza tu, nyumbani uko na nani? Yule atasema hakuna mtu, huyo nitamfuata hadi kwake."