Tishari Langu na Fahali wa Watu

Katika ziwa letu, lile dogo linalotenganisha upande wa Karagwe na upande wa Kyerwa, tishari ni moja tu, nalo ni langu. Wengine wana mitumbwi. Mtumbwi, mbuzi akijikuna tu, unapinduka. Mimi nina tishari: bapa kama meza, mapipa matupu chini, mbao za mkaratusi juu, injini nyuma, na mbele bendera ambayo mke wangu aliishona kwa kipande cha kitenge kilichobaki. Nililibuni mwenyewe kichwani. Shule niliiacha darasa la nne, nikauza ndizi kwa kichwa, nikauza kwa baiskeli, nikauza kwa pikipiki, na leo ukifika Chonyonyo ukauliza, "Kampuni anakaa wapi?" hata mtoto wa kunyonya atakuonyesha kwa kidole. Ndiyo, watu wananiita Kampuni. Sikuwaomba.

Kazi ya tishari ni kuvusha mikungu ya kwetu na ya Kanoni hadi mwalo wa ng'ambo, na pale malori yanaipokea kwenda soko la Nkwenda. Mwalo, kwa wewe usiyekulia ziwani, ni pale ufukweni chombo kinapoegesha, watu wanapochota maji na ng'ombe wanapokunywa. Mwalo ule una kamati, na mwenyekiti wa kamati ni bibi mmoja mjane mwenye ng'ombe wa pembe ndefu na ulimi mrefu kuliko pembe zenyewe. Kwingine kote ni mafunjo na tope. Tishari bila mwalo wa bibi yule ni jamvi la kuanikia maharage.

Siku ya mkasa tulikuwa tumebeba mikungu, pipa la dizeli la mashine ya kukoboa kahawa, na fahali mmoja wa watu aliyekuwa anakwenda mnadani. Mwenyewe alikuwa ametangulia kwa bodaboda kwa kuzunguka, maana anaogopa maji. Nahodha wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijeba mwenye maneno machache na njaa nyingi.

Kifuniko cha pipa kilikuwa kimepotea. Shemeji akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya: akasokota majani makavu ya mgomba, akaziba. Kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kinazibwa hivyo tangu enzi za mababu na hakijawahi kulalamika. Nikakagua mwenyewe, nikapiga kofi juu ya kizibo, nikasema, "Safi. Hata Ulaya hawana." Ulaya hawana kweli, na sasa najua kwa nini.

Tulipoukaribia mwalo fahali akawashwa shingo. Ng'ombe akiwashwa hatafuti daktari, anatafuta kitu cha kujikunia, na kilichokuwa karibu ni pipa. Akajikuna mara ya kwanza, pipa likayumba. Akaona utamu. Mara ya pili pipa likalala chali na kizibo kikaruka kama panzi.

"Shemeji, simamisha pipa!" nikapiga kelele.

"Nishike usukani au nishike pipa?"

"Shika vyote!"

"Na fahali?"

Fahali hakusubiri jibu. Alirukia majini, akaogelea ndani ya dizeli yetu, akatokea ufukweni anameremeta kama bwana harusi. Nyuma yake maji yote ya mwalo yalikuwa yamepata rangi zile za upinde wa mvua. Nisiseme uongo, yalipendeza. Ila ng'ombe wa bibi waliokuwa wameinamisha vichwa wanywe, waliinua vichwa pamoja, wakatutazama, wakageuka na kuondoka.

Bibi alikuwa amesimama hapohapo na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Hizo rangi ndizo salamu zako?"

"Bibi waitu," nikasema kwa heshima ya kwetu, "usiwe na wasiwasi. Kampuni italishughulikia."

"Kampuni gani?"

"Mimi."

"Basi sema mimi." Akaita vijana, wakaburuta gogo la mvule wakalilaza mbele ya mwalo. "Mwalo umefungwa. Ng'ombe wangu wakirudi kunywa hapa, na wewe utarudi kushusha ndizi hapa. Wasiporudi, kalifanye tishari lako kitanda."

Tukageuka na ndizi zetu. Na ndizi, unajua, haisubiri kesi. Inaiva.

Jioni ile niliitisha kikao cha dharura cha kampuni. Wajumbe walihudhuria wote: mimi mkurugenzi, shemeji mkuu wa safari, na mke wangu, ambaye hana cheo lakini ndiye anayefunga kikao.

"Mafuta yanaelea," nikawaambia. "Kinachoelea kinazungushiwa kinachoelea. Nini kinaelea kuliko vyote?"

"Tishari," akasema shemeji.

"Mgomba, shemeji! Mgomba!"

Hapo ndipo utajua kwamba akili si ya darasani. Shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu limejaa maji na hewa. Ulitupe ziwani, halizami. Nikaamuru tuyakate mashina yote shambani, tuyafunge moja kwa jingine kwa kamba za magome yake, tupate mkufu mrefu wa kuyazunguka mafuta yasisambae. Na ndani ya mkufu tutandaze nyasi, zilezile za kukamulia ndizi za rubisi, maana nyasi zile zinashika kitu chochote cha majimaji.

"Utakata na migomba yenye mikungu?" mke wangu akauliza.

"Ikibidi."

"Ukiimaliza tutakula tishari?"

Kikao kikafungwa. Migomba yenye mikungu haikukatwa.

Kulipopambazuka tulikuwa ziwani. Shemeji zangu wengine, kaka zake mke wangu wanene wenye miguu kama vinu, walikuja kusaidia. Mkufu wa migomba ukaelea kama nilivyotabiri, ukayakumbatia mafuta. Watu wa ng'ambo walijaa ufukweni kutuangalia. Mmoja akasema, "Kampuni amehamishia shamba ziwani!" Mwingine akauliza kama nitavuna kabla ya masika. Waache. Kila mwenye akili amechekwa kwanza.

Tulitandaza nyasi, zikalewa mafuta, tukazitoa, tukatandaza nyingine. Kwenye mafunjo tulifuta bua moja moja kwa matambara, kama tunafuta watoto makamasi. Tulifanya hivyo siku nyingi, mpaka nguo zetu, ngozi zetu, ugali wetu, vyote vikanuka dizeli. Kanisani mchungaji alituomba tukae karibu na mlango. Halafu ikafika siku hatukusikia harufu tena kabisa. Nikadhani imeisha. Kumbe pua ndizo zilizokwisha.

Nyasi zilizotumika sikuzitupa ovyo. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilizianika kwenye jua upande wetu, nikazifunga matita mazuri yanayolingana, nikayapanga nyuma ya ghala la ndizi yakisubiri kuchomwa. Mtu angepita angesema, loo, nyasi hizi zimefungwa na fundi.

Maji yakatakata. Rangi zikaondoka, mafunjo yakachipua, ndege wakarudi kuvua. Ng'ombe tu ndio waliogoma. Bibi aliwaleta kila asubuhi, wananusa, wanapiga chafya, wanapanda kilima kwenda kunywa chemchemi ya mbali. Na gogo lilikuwa palepale, na ndizi za Kanoni zilikuwa zinaiva mikononi mwangu. Wakulima wakaanza kuniambia, "Kampuni, tutatafuta lori lizunguke." Hapo nilikosa usingizi, na mimi si mtu wa kukosa usingizi.

Nikaamua kumwendea bibi kwa mila. Kwetu mtu akimkosea jirani anapeleka rubisi. Wanakunywa pamoja na kesi inalainika. Ndizi zilizoiva nilikuwa nazo, kwa hisani ya gogo. Nikawaambia shemeji zangu wakamue. Mtumbwi wa kukamulia, ule wa mti wa kuchongwa, ukawekwa uani, ndizi zikamenywa zikamwagwa ndani, wanaume wakanawa miguu wakaingia kukanyaga. Pakatakiwa nyasi. Mmoja wao akazunguka nyuma ya ghala, akakuta matita makavu, safi, yamefungwa na fundi.

Wewe unajua alichofanya. Mimi sikujua. Nilikuwa ndani napiga pasi suti.

Juisi ikatoka, mtama uliokaangwa ukatiwa, mtumbwi ukafunikwa majani, rubisi ikachachuka. Hakuna aliyenusa kitu, maana pale hapakuwa na pua iliyobaki. Tukajaza vibuyu, tukaviziba kwa majani ya mgomba, tukavuka.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kamati nyuma yake. Nikatoa hotuba. Nilieleza nilivyoanza na ndizi kichwani, nikaeleza uvumbuzi wa mkufu wa migomba, nikaeleza bendera. Bibi akasema, "Mwanangu, kibuyu kinapata joto."

Sasa mila inasema hivi: mwenye pombe hunywa kwanza, mbele ya wote, waone kwamba haina sumu. Nikachomoa kizibo. Nikamimina kwenye kata. Nikajaza kinywa.

Ndugu msomaji, ulimi haukuwa umezoea kama pua. Dizeli niliijua palepale. Nikaona nyuma ya ghala, nikaona matita, nikaona miguu ya shemeji zangu. Kinywa kimejaa, kamati yote imenikazia macho. Nikitema, nimekiri nimeleta sumu, na mwalo umekwenda. Nikimeza na kusifu, wazee hawa watakunywa mafuta kwa mkono wangu, bibi akiwa wa kwanza. Shemeji alikuwa ameshajaza kata ya pili amkaribishe bibi. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nilisimama mashavu yamevimba kama chura.

Nikatema. Nikatema kwa nguvu, ikafika kwenye kiatu cha katibu.

"Msinywe!" nikasema. "Bibi, msinywe, ina dizeli!"

Shemeji akanusa kata yake, akanong'ona, "Mawe, mama yangu! Zile nyasi." Bibi akachukua kibuyu, akakisogeza puani, akakunja uso.

"Uliionja ukaitema," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Ng'ombe wangu nao walifanya hivyo hivyo. Ila wao hawakuvaa suti."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kigoda kikalia, kamati ikacheka, katibu akacheka huku anapangusa kiatu. Mimi nilisubiri. Mtu akicheka sana ufukweni kwake, hujui bado kama ni heri au shari.

"Sikiliza," akasema alipopata pumzi. "Ungemeza ukanikaribisha, lile gogo ningeliotesha mizizi. Umetema, basi gogo litasogea kidogo, lakini halitaondoka. Kila tishari lako likifika, kabla hujashusha hata mkungu mmoja, utachota kikombe cha maji ya mwalo huu na kukinywa mbele yangu. Siku hutakinywa, hushushi. Na utaendelea mpaka ng'ombe wangu warudi wenyewe."

"Bibi waitu, nije na maji yaliyochemshwa?"

"Ng'ombe wana sufuria?"

Ndivyo nilivyopata cheo kipya katika kampuni yangu. Mwanzoni maji yalikuwa na ladha ya taa ya chemli. Yakaja kuwa na ladha ya tope. Yakaja kuwa na ladha ya mafunjo, halafu samaki, halafu ladha ya maji tu. Shemeji alizoea kuniuliza kutoka kwenye usukani, "Leo vipi, Kampuni?" nami nalamba midomo nasema, "Sato kapita hapa asubuhi." Wanawake waliokuja kuchota walianza kungoja nionje kwanza. Nikitikisa kichwa, hawachoti. Nikikubali, wanatumbukiza ndoo. Hakuna mkurugenzi mwingine Kagera nzima anayeaminiwa kwa ulimi wake kiasi hicho, na kama yupo, ajitokeze.

Kisha ikaja asubuhi moja, tishari limejaa mikungu ya Kanoni mpaka kwenye bendera. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, ng'ombe nyuma yake. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia majini, nikachota kikombe changu. Nikakiinua juu kidogo, maana nilikuwa nimezoea kutazamwa.

Kitu kikanisukuma kiunoni. Ng'ombe jike mwekundu, mkubwa wa kundi, alinipita kama mtu anayempita konda, akatumbukiza mdomo pale pale nilipochota. Akavuta maji kwa kelele. Wengine wakashuka wote, wakanizunguka kwa pembe, wakanywa, wakanirushia tope kwenye shati.

Bibi aligonga fimbo chini, vijana wakaliburuta gogo likaingia kwenye majani.

"Shusha ndizi, Kampuni," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo.

Shemeji akaanza kupokeza mikungu. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya ng'ombe na kikombe mkononi, sina kazi tena. Nikamwangalia yule mwekundu. Yeye akaniangalia, maji yanamdondoka kidevuni.

Nikanywa na mimi. Sikuona kwa nini nishindwe na ng'ombe.