Walikuwa Wanapigwa, na Bado Walipoteza Muda

Hii ilinipata Ramadhani iliyopita, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu kwa foleni ya maji hadi majirani wananiangalia vibaya.

Naitwa Hayat, wa Mwihoko. Katikati ya wiki nashona yunifomu, wikendi mimi ni refa wa basketi ya watoto. Kwa miaka minne nimeona kila ujanja wa kupoteza muda. Nimeona msichana akifunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba.

Lakini ujanja huo ni wa timu inayoongoza. Anayeongoza ndiye hutaka saa iishe.

Siku hiyo waliokuwa wakipoteza muda ni wale waliokuwa wanapigwa.

Ilikuwa fainali ya wasichana chini ya miaka kumi na sita. Mugutha walikuwa wenyeji, Kiganjo walitoka Thika. Mechi ilipangwa Jumapili, kisha uwanja ukakodishwa kwa watu wa harusi, basi ikasukumwa hadi Jumamosi saa kumi na moja jioni.

Shikeni hapo kwa Jumamosi.

Na mimi nilikuwa na yangu. Ilikuwa siku ya mtihani wangu wa leseni ya kuchezesha ligi, mara ya tatu na ya mwisho. Mara mbili nilikuwa nimeanguka kwa sababu ileile iliyoandikwa kwa wino mwekundu: anawaonea wachezaji huruma. Nikianguka tena, nirudi kwa cherehani na nisahau filimbi.

Mtahini, Mwalimu Okello, alikaa pembeni kwa kiti cha plastiki. Fomu ameilaza magotini kifudifudi, kalamu iko mfukoni.

Hadi robo ya nne ilipoanza, hakuwa ameandika hata herufi moja. Nikajua nimekwisha. Nilikuwa mbovu mpaka mtu anaona wino utaharibika bure.

Sasa Kiganjo wakaanza vituko.

Nikipuliza filimbi saa inasimama. Na kila ikisimama, wao wana shida. Kapteni wao, Viola, akainua mkono.

"Madam ref, rasta yangu imeanguka."

"Rasta moja?"

"Ni za sister yangu, madam. Amezihesabu."

Tukaitafuta rasta, wasichana kumi na mimi, tumeinama kama watu wanaopalilia maharagwe.

Mpira ukatoka nje, ukabingirika hadi kwa meza ya mama wa sukuma wiki. Watatu wakaenda kuuchukua, wakitembea kama wanaoenda kuchukua matokeo mabaya shuleni. Mmoja akarudi akijua bei ya nyanya.

Nikamwita kocha wao, Mburu.

"Kocha, hili ni onyo kwa timu yako yote. Mkichelewesha mpira tena, ni tech, wenzenu wapewe mtupo huru."

"Haki ref, hawa ni watoto tu," akasema, huku anaangalia angani.

Kwa nini kocha anaangalia angani?

Zilibaki dakika tatu. Mugutha thelathini na saba, Kiganjo thelathini na moja. Mimi nilikuwa nimefunga, tende zangu tatu ziko kwa begi, na nilijua kama jina langu kwamba jua lingetua saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Mtu aliyefunga ana namna yake ya kulitazama jua. Analitazama kama mgeni aliyekaa sana.

Ndipo nikamwona mzee mmoja nje ya ua, amevaa suti, akilitazama jua vilevile. Anaangalia saa ya mkononi, anaangalia jua, anaangalia saa.

Nikajiambia, huyu naye amefunga. Lakini ana Biblia kwapani.

Kando yake ameketi msichana mrefu, sketi hadi kwenye vifundo, ameupa uwanja mgongo kabisa.

Nikaenda mezani kuangalia orodha ya wachezaji. Kiganjo, namba tisa, Apiyo, hajaingia.

"Viola, namba tisa yuko wapi?"

Viola akainamisha kichwa. "Ni yule pale, madam. Wao ni Wasabato. Babake, Mzee Jeconia, ni mzee wa kanisa. Hawezi kucheza mpaka jua lishuke. Hata kutuangalia amekatazwa. Jumapili angecheza, lakini harusi..."

Nikaelewa yote, pamoja na rasta.

Kabla sijasema neno, puu, Amida yuko chini. Huyo ni kapteni wa Mugutha, timu inayoongoza. Ameshika kifundo cha mguu wa kushoto. Nilipofika, ameshika cha kulia.

"Amida, ni mguu gani?"

"Yote, ref." Kisha akanong'ona: "Nimefunga, na wenzangu wawili. Nipee dakika nne nikunywe maji, nirudi niwamalize hawa."

Basi timu zote mbili zilikuwa zinangoja jua. Sheria ilitaka niwape onyo lao na wao, na nikawapa. Lakini nisiwadanganye. Niliomba nipewe mpira nikaanza kuukagua. Nikaupangusa. Nikaubonyeza huku na huku kama anayechagua parachichi. Nilijua ninachofanya, na niliona haya, na tumbo likanguruma.

Adhana ikaita.

Nikapuliza, nikaita makocha wote wawili. "Dakika tatu, waliofunga wafuturu." Wakakubali mbio sana, kila mmoja akidhani amemshinda mwenzake.

Amida akanywa chupa nzima kwa pumzi moja. Mimi na tende zangu.

Huko nje ya ua, Mzee Jeconia akavua kofia. Sabato haiishi hivihivi, hufungwa kwa maombi. Akaombea kanisa. Akaombea wagonjwa. Akaombea mvua, akaombea serikali, akaanza kuombea nchi jirani.

Mburu alikuwa karibu kulia.

"Amina," Viola akaita kutoka uwanjani, kwa sauti kubwa.

"Bado," mzee akajibu bila kufumbua macho.

Alipomaliza, sketi ikavuliwa, ndani kuna kaptura na jezi. Apiyo akaruka ua badala ya kupitia langoni.

Wacha niwaambie, yule mtoto alikuwa moto. Anaruka, anapora, anafunga. Na Amida aliyekunywa maji naye si Amida wa mchana. Watu wa sukuma wiki walifunga biashara wakaja kutazama. Mwalimu Okello akatoa kalamu, akaanza kuandika.

Zikibaki sekunde nne, Apiyo akafunga. Arobaini kwa arobaini.

Mpira ukapita wavuni, ukaanguka mikononi mwake. Alipaswa kuuacha Mugutha waanzishe. Yeye akaukumbatia. Akafumba macho, akazunguka nao, mara moja, mara mbili.

Onyo la timu lilikuwa bado liko kwa karatasi. Nililiandika mwenyewe.

Uwanja mzima ulikuwa unafurahi, na mimi nilikuwa nafurahi pia, na hapo ndipo pabaya. Nikapuliza. Nikafanya T kwa mikono, ile tech niliyowaonya. Mtupo mmoja huru kwa Mugutha.

Amida akaupiga, ukaingia. Arobaini na moja kwa arobaini. Sekunde nne zikaisha, Mugutha wakachukua kombe.

Apiyo akanijia, bado anahema.

"Madam, sikuwa nachelewesha. Nilikuwa nimefurahi tu."

"Najua, mami," nikamwambia. Niliumia sana.

Mzee Jeconia akapangusa miwani. "Sabato nimeilinda," akasema. "Mpira ndio sikumfundisha kuachilia." Apiyo akaangua kicheko kwanza, kisha sisi wote. Amida akaja na sambusa, wakagawana wakiwa wamekaa chini, jasho kwa jasho.

Kisha Mwalimu Okello akaniita. Nikaanza kukiri kabla sijaulizwa.

"Mwalimu, ule mpira niliokuwa nabonyeza..."

"Mpira gani?"

"Kabla ya adhana."

"Sikuwa kazini," akasema. "Walinipangia Jumapili, mama. Mimi ni Msabato. Nilikuja nikaketi, lakini kalamu sikuishika mpaka jua likashuka. Ningekuwa kazini, ningekuangusha kwa ile rasta."

Akanipa fomu. Upande wote wa juu ulikuwa mtupu. Chini kabisa, mistari miwili: *Alimhurumia mtoto, na bado akapuliza. Amepita.*

Kiganjo walizungusha saa jioni nzima wampate Apiyo, wakaangushwa na sekunde mbili za furaha ambazo hazikuwa hila hata kidogo. Onyo likishaandikwa halikuulizi ulikuwa na nia gani.

Na ukiwa na mtihani, kabla ya kukosa usingizi, uliza kwanza mtahini anasali siku gani.