Uzi wa Njano wa Masatu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningeitoa katika umri wangu kama umri ungekubali kupunguzwa: siku mwanamke alipokuja kuniomba kipande cha uzi wa njano, nami nikamkatia. Andika kama ninavyosema, usipambe. Sikusoma, lakini maneno yangu yakibadilishwa ninayajua.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikijifunza kazi hii hii unayojifunza kwangu, kwa Mzee Magesa, fundi wa fimbo za kuvulia pale Igogo. Yeye alichagua ufito na kuupima. Mimi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba, nilifunga uzi unaoshikilia pete unamopita mshipi. Kila mvuvi alikuwa na rangi yake. Fimbo ikiokotwa ziwani, watu walitazama uzi wakajua ni ya nani. Bwire alikuwa wa kahawia. Masatu aliagiza njano, ili mkewe aione fimbo yake angali mbali na mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa.

Dawa ya kulinda rangi unaijua, yale majimaji meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mzee Magesa alitufundisha kuipaka mara mbili, kila mara ikauke kabisa, ndipo gundi ile nzito ifuate. Bila dawa, gundi huulowesha uzi, njano ikazama, na weusi wa ufito ukajitokeza chini yake.

Ijumaa ile Mzee alikuwa Sengerema, nami nilialikwa harusini Buzuruga. Fimbo ya Masatu ilitakiwa kesho yake. Niliitazama chupa ya dawa, nikaiacha kabatini. Nikapaka gundi, nikaenda kucheza.

Jumamosi Masatu akaja, akaigeuzageuza fimbo mwangani.

"Binti, niliagiza njano. Mbona umenipa chai ya rangi?"

"Itang'aa ikipigwa na jua," nikamjibu.

"Haya. Nitalisalimia jua, niliambie umelitwisha kazi yako." Akacheka. "Jumatatu nairudisha, uifunge upya."

Akapitiliza mwaloni bila kufika kwake. Jioni ile upepo ukavuruga ziwa, na mtumbwi wake haukurudi.

Jumapili asubuhi wavuvi wa dagaa waliokota fimbo ya uzi wa kahawia karibu na kisiwa cha mawe, upande wa Busisi. Hakuna aliyeshtuka. Bwire alikuwa amepoteza yake juma lililotangulia, na mwenyewe alikuwa Geita msibani, basi fimbo ikapelekwa kwake, ikaegemezwa ukutani. Waliomtafuta Masatu wakaelekeza mitumbwi upande mwingine kabisa, alikozoea kuvua, wakitafuta njano.

Habari ya fimbo ile niliisikia asubuhi ile ile, mwanangu, nikiwa nateka maji. Nilijua kwamba ziwani zilikuwamo fimbo mbili za kahawia, na kwamba mtu pekee aliyelijua hilo nchi kavu ni mimi. Nikajiambia huenda kweli ni ya Bwire. Nikajiambia Mzee akirudi atanifukuza. Nyumba ya Bwire ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, na ningeitambua kazi ya mkono wangu hata gizani. Sikwenda kuitazama.

Jumatatu asubuhi mke wa Masatu akaja, kanga imefungwa kiunoni, miguu ina tope hadi magotini.

"Mdogo wangu, nikatie kidogo ule uzi wa fimbo yake. Wale vijana wa Kirumba wanaosaidia kutafuta hawaijui rangi yenyewe. Nataka waione."

Nikachukua mkasi. Nikakata kipande cha urefu wa kiganja, nikampa. Akakizungusha kidoleni kisipotee, akaniambia ahsante.

Mzee aliporudi adhuhuri nilimwambia yote. Hakunipiga, wala hakunifukuza. Aliuliza swali moja, "Dawa ilikuwa imekwisha?" Nikasema ilikuwapo. Akatoka, akachukua watu na mtumbwi, wakaenda kile kisiwa.

Walimkuta Masatu katikati ya mawe, mguu umevunjika, amekwisha kufa. Pembeni yake alikuwa amewasha moto wa matete. Mzee Magesa alinieleza jambo moja tu kuhusu safari ile, na hakulirudia mpaka alipokufa: kwamba majivu yalikuwa bado na joto.

Siku ya tatu baada ya maziko aliniwekea mezani kibiringo cha uzi wa njano. "Kila fimbo utakayofunga, anza na huu, halafu uufungue," akasema. Ndiyo sababu unaniona nikifunga njano na kuifungua. Uliwahi kuniuliza, nikakwambia ni mazoea ya uzee.

Nakueleza leo kwa sababu jana nilikuona. Uliugusa uzi, ukahisi unyevu wa dawa, ukatazama mlangoni, ukafungua gundi. Fimbo hiyo nimeivunja, usiitafute.

Sikiliza, basi. Dawa ipakwe mara mbili, na ikauke, hata kama mteja amesimama mlangoni. Siku utakayokosea, maana utakosea, nenda ukaseme saa hiyo hiyo, kwa miguu yako, kabla hujatafuta maneno mazuri. Kuruka dawa kulinipotezea rangi. Masatu nilimpoteza kwa siku moja na nusu ya kunyamaza.

Mungu akupe mkono mtulivu na mdomo usiochelewa. Na asikuletee mlangoni, mwanangu, mtu wa kukushukuru kama nilivyoshukuriwa mimi.