Dawati Lililozoea Mlima

Watoto wa darasa la kwanza hawakuwahi kuona mtu mwenye mvi akiingia chini ya dawati. Siku hiyo walimwona. Hezroni alivua kofia, akampa mjukuu wake Agape amshikie, akapiga magoti kwenye saruji, kisha akajipenyeza chini mpaka zikabaki nje katambuga zake mbili za tairi tu.

"Babu amepotelewa na nini?" mtoto mmoja akauliza.

"Hajapotelewa," Agape akasema. "Anaangalia."

Ndivyo alivyokuwa Hezroni, mtu wa kuangalia. Kwao, kitongoji cha juu kabisa njia ya Vudee, watu walishamzoea. Redio ya jirani ikinyamaza ilipelekwa kwake, si kwamba ataiponya, ila atakwambia imekufa kwa ugonjwa gani. Siku moja baada ya ibada alibaki kanisani mpaka jua likapinda, anamsumbua mpiga kinanda amwonyeshe sauti inatokea wapi. Shule aliiacha darasa la tatu. Kuuliza hakukuacha.

Alichokuwa akikitafuta chini ya dawati ni ule ubao wa kukanyagia, unaopita karibu na sakafu na kushikilia miguu ya dawati pamoja na benchi. Kwa mtoto mwingine ni mahali pa kuwekea miguu. Kwa Agape ulikuwa ukuta. Goti lake la kulia halikunjiki tangu alipoungua na uji akiwa na miaka miwili. Mguu umenyooka kama mchi, na akitaka kukaa lazima mguu utangulie mbele. Januari alijaribu kukaa upande, mwili huku, mguu kule. Wiki ya pili mgongo ukamuuma akalia njia nzima. Akatandikiwa mkeka mbele ya darasa, akawa anaandika amelala kifudifudi, wenzake wanamruka wakienda kunoa penseli. Mwishowe akasema haendi tena.

"Mzee, mimi huyu mtoto namtaka," alisema Mwalimu Leticia, aliyetoka Bukoba, ajira ikamleta huku mlimani. "Lakini mwisho wa mwezi huu wa tatu orodha ya darasa la kwanza inafungwa. Asipokuwa anahudhuria, jina linatoka. Mpaka mwakani."

"Mwakani atakuwa na miaka tisa," ilijibu sauti kutoka chini ya dawati.

"Najua. Leta dawati linalomfaa, nitamwekea karibu na ubao."

Kisha sauti ikauliza, "Mwalimu, hii misumari waliipiga kutokea ndani au nje?"

Jumamosi Hezroni aliteremka mpaka Same mjini, kwa fundi Amiri, mwenye karakana nyuma ya stendi. Vitanda vilikuwa vimesimama mpaka barabarani, na kila kitanda kina mwenyewe anayekingoja.

"Mzee wangu, labda mwezi wa nne katikati," Amiri alisema.

"Mwezi wa nne mtoto ameshakosa."

"Basi tengeneza mwenyewe," Amiri akatania, penseli sikioni.

Hezroni hakuusikia utani. "Nianzie wapi?"

Amiri akamtazama vizuri. "Umewahi kutengeneza nini, mzee?"

"Mpini wa jembe."

"Mpini wa jembe! Jamani, njooni muone, tumepata mshindani!"

Karakana nzima ikacheka. Hezroni naye akacheka, kisha akavuta gogo, akakaa. Alikaa mpaka saa tisa. Randa inakwenda upande gani wa mti? Kwa nini huyu anapaka gundi na huyu hapaki? Amiri akachoka kuulizwa, akamsukumia vipande viwili vya mbao.

"Haya, tazama. Huu ni ulimi, hili ni tundu lake. Ulimi uingie kwa kubembelezwa na nyundo. Ukiingia kwa mkono tu, umeharibu. Ukikataa kabisa, umeharibu pia. Na ukikata fupi usiniletee mimi, mimi si mganga wa mbao." Akamtupia na patasi kuukuu isiyo na mpini. "Hiyo chukua. Mpini unajua mwenyewe."

Nyumbani Hezroni hakugusa mbao kwanza. Alichukua mabua ya mahindi, akayaunga kwa miiba ya mchongoma, akasimamisha dawati la mabua uani. Agape akaketi kwenye kigoda, mguu mbele.

"Unagusa?"

"Unagusa hapa."

Hezroni akachomoa bua. Dawati likalegea. Akapachika bua jingine juu, chini tu ya ubao wa kuandikia, dawati likakaza tena. Akakaa kitako kulitazama jambo hilo. Kumbe ubao wa chini haukuwa wa lazima! Kinachotakiwa ni kitu cha kuzuia miguu isitanuke, na kitu hicho kinaweza kukaa popote.

"Na kisigino kikining'inia kinauma," Agape akasema.

Kikawekwa kibao cha kuegeshea kisigino, shubiri moja juu kutoka chini. Siku tatu walivunja na kujenga. Vipimo vyote vilikuwa mafundo kwenye kamba ya mkonge: fundo la paja, fundo la kiwiko, fundo la ncha ya kidole gumba cha mguu.

"Baba Irine, hayo mabua niliyaweka ya ng'ombe," alisema mkewe, Raheli.

"Ng'ombe atayakuta. Nishikie hii kamba kidogo."

"Nikushikie kamba, makande yanaungua?"

Aliishika. Makande yakaungua. Waliyala hivyo hivyo, na Raheli alihakikisha kila mmoja anajua ni kwa sababu ya nani.

Mbao zilikuwepo, za mgrivea, zimekaa miaka miwili juu ya jiko zikinywa moshi. Ulimi wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulicheza ndani ya tundu kama jino la mtoto. Hezroni hakuutupa. Aliuweka juu ya jiwe, akauzungukazunguka, mpaka akaona kwamba alikata ndani ya mstari wa penseli badala ya kukata nje yake. Wa tatu ukalia kidogo, ukaingia. Akamwita Raheli aje asikie. Akauchomoa, akaupiga tena ili asikie vizuri.

Wilbard, kaka yake Raheli, alipita kila jioni kumchokoza. "Shemeji, hili ni dawati au mtego wa nguruwe?"

"Weka kichwa tujue."

Siku ya kuunganisha yote, dawati lilisimamishwa palepale alipozoea kukaa Agape, uani, uso kuelekea bondeni, ambako malori ya barabara kuu yanaonekana madogo kama siafu. Likainamia bondeni. Hezroni akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kitongoji kile hufanya kitanda au kabati likiinama: akachukua msumeno, akapunguza miguu ya upande wa mlima, ule aliokalia Agape. Kidole kimoja, bado. Viwili, bado. Vitatu, na miguu ya kulia kidogo zaidi, penseli ikatulia juu ya ubao. Paja la Agape likapita, na nafasi ya ngumi ikabaki.

"Limekaa," Raheli akasema, akalisukuma kwa nyonga. Halikutikisika.

Ilikuwa Jumatano. Orodha inafungwa Ijumaa. Asubuhi yake Wilbard na Hezroni wakalibeba, huyu mbele, huyu nyuma, Agape akifuata na kigoda kichwani. Wakaliweka sakafuni karibu na ubao, wakarudi hatua mbili nyuma walitazame.

Dawati lilikuwa limeinama. Upande wa kukalia ulikuwa chini, upande wa mbele juu, na lote limelala kidogo kulia.

"Limesujudu!" mtoto mmoja akapiga kelele, na darasa likaanguka kwa kicheko.

"Mwalimu," Wilbard akasema kwa heshima zote, "hii sakafu yenu imepinda."

Mwalimu Leticia alichukua chupa yake ya maji, akailaza sakafuni. Chupa ikatulia ilipolazwa.

"Basi na chupa imepinda," Wilbard akasema.

Hezroni alikuwa ameshapiga magoti, shavu karibu liguse saruji, jicho moja amefumba. Alitazama miguu mifupi, kisha mirefu. Ndipo akaanza kuviona vitu vya kwao kimoja kimoja. Kabati la Raheli, miguu miwili imekatwa. Kitanda chake mwenyewe, vivyo hivyo. Meza ya baba yake, ambayo tangu utoto alidhani fundi alilewa. Kitongoji kizima kimekata samani zake kuufuata mlima, na hakuna aliyewahi kulisema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitoa dawati mlimani na kulipeleka penye sakafu ya saruji.

"Mwalimu," aliuliza akiwa bado chini, "kwenu Bukoba, ukiweka boga uani, linakaa?"

"Linakaa, mzee."

"Lenyewe? Bila jiwe?"

"Bila jiwe."

"Ahaa," akasema Hezroni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Kisha akamwona Agape. Alikuwa amesimama mlangoni, kigoda bado kichwani, midomo ameibana. "Babu, turudi?" akauliza polepole.

Zawadi ikamtoka mkononi. Kesho ni Ijumaa. Akatoa msumeno kwenye gunia, akageuza dawati, akapima vidole vitatu kwenye miguu ya mbele, ile mirefu. Halafu akasita, akatoa kamba yenye mafundo. Akikata vidole vitatu, ubao utashuka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa Agape. Akishusha kibao cha kisigino, itambidi ang'oe ndimi zote mbili, na mmoja kati ya hizo ndio ule alioupata mara ya tatu. Asipokata, mtoto ataandikia kwenye bati la paa.

"Kata tu, shemeji," Wilbard akanong'ona. "Tutaona mbele."

Hezroni akaweka msumeno kwenye mstari.

"Ngoja nikae kwanza," Agape akasema.

Alishusha kigoda, akakivuta, akaketi. Mguu ukatangulia ukapita, kisigino kikapata kibao chake, vidole vikabaki na nafasi ya kuchezacheza. Akaweka daftari juu. Daftari likateleza mpaka tumboni mwake. Darasa likacheka. Agape hakucheka. Alilizuia kwa mkono wa kushoto, akashika penseli, akaandika *a*. Akaandika nyingine. Hezroni, aliyekuwa bado amechuchumaa, akaona kitu. Kule nyumbani, mtoto alipoandika alilala kifua juu ya ubao, kwa kuwa mguu haukumruhusu kusogea karibu. Hapa mgongo wake ulikuwa umenyooka. Daftari lenyewe ndilo lililomfuata.

"Babu," alisema bila kuinua macho, "usilikate."

Penseli ikamponyoka, ikabingirika, ikaanguka. Husna, mtoto wa dawati la jirani, akaiokota. Ikaanguka tena. Husna akaiokota tena, na mara ya tatu akasema, "Mimi sasa nachoka."

"Mwalimu, una kipande chochote cha mti?" Hezroni akauliza.

Ikapatikana rula ya ubaoni iliyovunjika. Hezroni akaipigilia kwenye ukingo wa chini wa dawati, ikawa kama kizingiti. Daftari likakaa. Penseli ikabingirika mpaka kwenye kizingiti, ikasimama. Ule ulalo wa kulia hakuusamehe. Aliweka maji kwenye kifuniko cha chupa ya mwalimu, akakisimamisha juu ya ubao, akawa anapunguza miguu ya kushoto kidogo kidogo, anatazama maji, anapunguza, watoto wote wamemzunguka na kushikilia pumzi kana kwamba ndio wanaokatwa. Alipunguza mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, akalazimika kupunguza na kulia. Hakuna aliyemcheka.

Mwalimu Leticia alilizunguka dawati. Akalisukuma. Akainama akatazama chini yake, naye akakaa huko kidogo. "Mkaguzi akija akaniuliza hili ni dawati la namna gani, nimjibu nini?"

"Mwambie apande juu kwetu na boga," Wilbard akasema.

Mwalimu akarudi mezani kwake, akafungua daftari la mahudhurio. Wino wa kalamu ulikuwa umegoma, akaikung'uta, akaandika jina la Agape mbele ya tarehe ile, halafu akaanza kuita majina kutoka juu. Hezroni alikusanya vumbi la mbao kwa viganja, akatoka, akasimama nje ya dirisha. Wilbard akamvuta shati waende. Hakwenda. Majina yalikuwa mengi.

"Agape!"

"Nipo, mwalimu."

Hezroni aliinua mkono dirishani ili mjukuu wake amwone. Agape hakugeuka. Alikuwa akitazama ubaoni, mgongo umenyooka, penseli mkononi, anangoja mwalimu aandike.