Mahindi Yaliyonyeshewa Nikiwa Nimefumba Macho

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nimefungua daftari hili nikuandikie kabla sijaisahau harufu yake. Najua bado hujazaliwa. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne hapa Kitale, na mvulana akinisalimia tu "niaje" mimi naangalia viatu vyangu. Lakini nimeona nikingoja nizeeke ndipo nikupe nasaha, pengine nitakuwa nimejifanya mtu mwema tangu utotoni. Afadhali nikwambie sasa, aibu ikiwa bado mbichi.

Nilikuwa kidato cha pili. Shida yangu ilikuwa sauti. Mwalimu akiniita nisome mbele ya darasa, kifua kilijifunga kama gunia lililokazwa kamba, na maneno yakabaki ndani. Nyuma ya darasa ungesikia, "Redio imeisha betri!" na kicheko. Nilikuwa nacheka pia, ili wasijue.

Madam Nanjala, mwalimu aliyekuwa akitushauri sisi wasichana, ndiye alinionyesha yoga. Si ile ya kujikunja mwili, ni ile ya kukaa. Unakaa wima, mikono juu ya magoti, unafumba macho na kufuata pumzi ikiingia na ikitoka. Wazo likija, unaliona tu, unaliacha lipite. Sauti ikija, hivyo hivyo. Alinipa fotokopi ya kurasa tatu akaniambia, "Nekesa, anza na ukurasa wa kwanza. Huo wa mwisho utakungoja."

Ukurasa wa kwanza ulisema mambo ya kutoumiza mtu, kusema ukweli, usafi, kula kwa kiasi na kulala mapema. Nikaona hayo si ni ya kanisani tu, nayajua. Nikaruka hadi ukurasa wa tatu, wenye picha ya mtu amekaa. Na kweli ilinisaidia, mwanangu. Baada ya wiki chache nilisoma aya nzima darasani bila kukwama. Aya moja tu, lakini nilienda bwenini nikalia kwa furaha.

Desemba ilipofika nilienda kwa Kukhu. Kukhu ni nyanya, mama ya baba yangu. Wewe utamwita mama yangu hivyo. Boma lake lilikuwa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, na msimu ule lilinuka mahindi mapya na maziwa. Hata leo nikipita mahali wanaanika mahindi, mimi husimama kidogo.

Sikumwambia habari ya yoga. Nilikuwa nimemsikia mhubiri mmoja akisema ati ukifumba macho bila kuomba, kuna kitu kitaingia. Kukhu ni mtu wa kanisa kabisa. Niliogopa akisikia atanikataza, na kule kukaa na kufuata pumzi ndiko pekee kulikokuwa kumenifungua kifua. Kwa hivyo nilikaa kwa kujificha.

Kazi yangu ilikuwa mahindi. Yalianikwa uani juu ya turubai mbili kubwa, chakula chetu cha mwaka mzima. Niyageuze, nifukuze kuku, na niangalie mawingu. Siku hiyo Kukhu alipanda boda kwenda sokoni Bungoma, na akiwa ameshaketi akageuka.

"Nekesa, mawingu ikitoka upande wa mlima, usingoje tone ya kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia, Kukhu."

Saa nane nilikula ugali mkubwa na maharagwe, kipande cha mtu aliyelima tangu asubuhi, na mimi sikuwa nimelima. Tena usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekesha na simu chini ya blanketi. Nikaketi kando ya ukuta, chini ya paa, nikafumba macho. Pumzi inaingia, pumzi inatoka. Mbali, upande wa mlima Elgon, radi ikanguruma. Nikajiambia, hiyo ni sauti, iache ipite. Upepo ukapiga mabati. Nikauacha nao upite. Nilijiona nimefika mbali sana, kumbe nilikuwa nasinzia.

Maji ndiyo yaliniamsha, yakinigonga miguuni. Ua ulikuwa umegeuka mto. Nilikimbia nikavuta turubai, lakini mahindi yenye maji ni mazito, na mengine yalikuwa yanaelea kuelekea shimo la taka, kuku wakiyafuata. Boda ya Kukhu iliingia nikiwa hapo, nimelowa, nalia.

"Nekesa! Ulikuwa wapi?"

Sijui lilitoka wapi neno lile. "Nilikuwa... nilikuwa naomba, Kukhu."

Uso wake ulibadilika. Akaweka kikapu chini polepole. "Ulikuwa unaomba mpaka mvua hukusikia?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema kwa sauti ndogo, "basi mahindi si kitu."

Afadhali angenichapa.

Mvua ilinyesha siku mbili zaidi. Ya tatu jua lilitoka, na akina mama sita wa kanisani wakaja kutusaidia kuchambua, maana mahindi yakilowa hivyo huota ukungu, na yenye ukungu ni sumu, hata kuku hawapewi. Nilidhani wamekuja kwa sababu ya mahindi tu. Kumbe Kukhu alikuwa amewasimulia.

"Ndiye huyu?" akauliza Mama Simiyu, jirani yetu, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. "Si huyu hata kusalimia anasalimianga na kidole!"

"Wachana na yeye," Kukhu akasema, na kidevu chake kilikuwa juu. Sijawahi kumwona na kidevu kile. "Mungu huchukua wale wa kunyamaza. Kabla tuguse mahindi, Nekesa atatuombea."

Wakafumba macho wote. Mwanangu, unajua kitu kinaitwa kimya? Nilisikia hadi nzi. Kifua kikajifunga, kile kile cha darasani. Nikafanya nilichojua: nikavuta pumzi, nikaiachilia, nikavuta tena. Kamba ikalegea. Nikajua sasa naweza kusema, na maombi ninayajua tangu shule ya Jumapili, ningeyatoa yote na hakuna mtu angejua.

Lakini sauti ilipopata njia, haikutoka na maombi.

"Sikuwa naomba," nikasema. "Nilikuwa nimekaa tu nafuata pumzi, vile mwalimu alinifundisha. Halafu nikalala. Radi niliisikia. Nilimdanganya Kukhu."

Mama Simiyu akacheka kidogo, halafu akageuza kicheko kikawa kikohozi. Kukhu hakunitazama. Aliomba yeye mwenyewe, maneno machache, na tukachambua mahindi mpaka jioni bila yeye kuniita jina. Magunia mawili tulichimbia shimo tukazika.

Kesho yake alfajiri aliniamsha kwa kunigusa bega. Nilimfuata hadi kwa ng'ombe. Akaketi kwenye kiti chake kidogo cha mbao, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Alikaa hivyo kwa muda, mvuke ukitoka puani mwa ng'ombe. Nilikuwa nimemwona akikaa vile tangu nikiwa mtoto, na siku zote nilidhani anapumzisha magoti.

"Hata mimi nakaanga hivi kila asubuhi," akasema mwishowe. "Ukikuja kwa ng'ombe na roho inakimbia, anaficha maziwa. Kukaa kwako sikatai, mama. Nani alikwambia nitakataa?"

Nikaisogeza ndoo karibu naye.

"Mahindi tutapanda ingine. Lakini ulifanya nijivunie uongo mbele ya watu. Hiyo ndiyo imeniuma." Akampapasa ng'ombe ubavuni. "Na hiyo ugali yote mchana, alafu unafumba macho? Bana, hiyo si maombi wala si yoga. Hiyo ni usingizi."

Nilicheka na machozi yakiwa njiani. Akanipisha kitini. Nikavuta chuchu, hakuna kitu; ng'ombe akainua mguu. "Pumua kwanza," Kukhu akasema. Nikapumua. Maziwa yakaanza kugonga ndoo.

Mwaka uliofuata tulikula viazi vitamu na mihogo kuliko ugali, na hakuna aliyenikumbusha kwa nini. Sasa magoti ya Kukhu yamekataa shamba. Anaishi nasi Kitale, ng'ombe amebaki kwa baba mdogo. Kiti alikuja nacho. Kila asubuhi nikiwa nyumbani mimi hukikalia baada ya kuoga, na yeye hukaa kitandani pake, na hatuambizani kitu. Lakini ningetoa mengi nisikie tena ile ndoo.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukitaka kukaa na pumzi yako, anza jana yake. Kula chakula kidogo jioni, na mapema. Simu iache chumba kingine. Usiku ni wa kulala. Oga, fagia mahali pako. Uliyemkosea mwombe msamaha kabla hujafumba macho, kwa sababu ukiyafumba ndiye utakayemkuta. Kazi uliyopewa imalize kwanza, na ukisikia radi, amka. Na usimfiche mtu anayekupenda kitu kinachokusaidia. Pengine anacho tangu zamani. Huo wote ulikuwa ukurasa wa kwanza. Nimeuhifadhi hapa katikati ya daftari, utaukuta.

Bado natetemeka nikisoma darasani. Ila sasa sauti inafika dawati la nyuma.

Mungu akupe mgongo ulionyooka na pumzi isiyo na haraka, mwanangu. Akupe mtu wa kukaa naye kimya asubuhi. Na siku utakapomharibia mtu mahindi yake, akufungue kifua useme, ni mimi.