Jicho la Mkaguzi

Mwaka niliopunguzwa kazi, kila aliyenitembelea alikuja na maneno ya kunitia moyo. Usikate tamaa, mama. Mungu hamtupi mja wake. Baada ya dhiki faraja. Niliwakaribisha, nikawapa chai ya rangi, nikawasikiliza, na walipoondoka nilivuta pumzi kama mtu aliyetua kuni. Sikuwa nimekata tamaa. Nilikuwa nimechoka, na uchovu hauondolewi kwa methali. Tena wengi wao hawakujua kilichonichosha. Walidhani ni kiwanda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha nguo, kule Nyakato, na nilifanya kazi humo miaka kumi na miwili katika chumba cha ukaguzi. Nilisimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kitambaa kikapita juu ya ile taa tangu asubuhi mpaka mwisho wa zamu, na kazi yangu ilikuwa kutafuta kasoro. Uzi uliokatika, fundo, doa la grisi, rangi iliyovuja. Nikiiona naiwekea alama ya chaki ya bluu. Kitambaa kizuri hakikuwa na alama. Kilipita tu, na hakuna aliyeniambia nikitazame. Msimamizi alikuwa akiwaambia wageni kwamba mimi naweza kuona unywele mmoja katika jora zima, nami nilijivuna.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo palepale. Tulijuana kwa sababu mashine yake moja ilikuwa ikitoa kitambaa chenye mstari, nikaenda kumlalamikia. Kwa hiyo hata uchumba wetu ulianzia kwenye kasoro. Akaniita mkaguzi mkuu, na siku za mwanzo jina hilo lilituchekesha sote wawili.

Halafu ikaja ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa milango. Mitumba ikaingia marobota kwa marobota, zile nguo tulizoziita kafa ulaya, na suruali iliyovaliwa na marehemu wa nchi gani sijui ikawa rahisi kuliko kitambaa chetu kipya. Mashine zikaanza kuzimwa safu kwa safu. Tulipunguzwa wote wawili kwa tangazo moja lililobandikwa getini, na sisi tuliotoka mwisho tukaagwa kwa majora ya daraja la tatu, yaani vitambaa vilivyokataliwa. Nilipewa majora manne. Nilipoyafungua nyumbani nikakuta alama za chaki yangu mwenyewe. Nikayafunga tena, nikayasukumia chini ya kitanda.

Tukawa tunaishi kwa mapanki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeota ufukweni, nyama ya sangara ikienda Ulaya na sisi tukibaki na kichwa na mifupa. Nilikuwa nikiifuata Kirumba alfajiri, naikaanga mlangoni, nauza mpaka jioni. Harufu yake haitoki hata ukioga mara mbili. Nywele zangu, shuka, Biblia, vyote vilinuka samaki, na watoto waliizoea upesi kuliko mimi.

Mume wangu hakuweza kukaa bure. Wenzake wa zamu walianza kunywa, yeye akaanza kutengeneza. Kwanza alitengeneza jiko kwa bati la pipa, lenye kimlango cha kupunguza hewa ili mkaa usiishe upesi. Akaliweka mbele yangu, akasimama pembeni akijifuta mikono. Nikaliangalia, nikasema mguu mmoja ni mfupi. Na kweli ulikuwa mfupi. Akaurekebisha, akalileta tena, nikasema kimlango kinakwaruza. Jiko lile lilitupikia miaka mingi na mkaa tulitumia nusu, lakini siku ile hilo sikulisema.

Halafu yakaja magugu maji. Yalikuwa yamelifunika ziwa kiasi kwamba ukisimama ufukweni unaona shamba, si maji. Mitumbwi ilinasa, nyavu zilipotea, kila mtu aliyalaani. Mume wangu peke yake ndiye aliyeyatazama kwa hamu. Aliyavuta akayajaza kwenye magunia, akayaanika juu ya majabali nyuma ya nyumba tuliyopanga, na yalipokauka akachambua mabua yake. Kwa gurudumu la baiskeli kuukuu akaunda mtambo wa kusokotea kamba. Siku alipopata kamba ya kwanza alikuja nayo mlangoni, mimi nikiwa na karai la mafuta mbele yangu. Aliivuta kwa mikono miwili ili nione ilivyo imara.

"Itaoza," nikasema.

"Umejuaje?"

"Ina unyevu. Ona hapa, na hapa. Imeshaanza ukungu."

Ukungu ulikuwapo, mweupe, mdogo kama chembe za chumvi. Aliangalia pale nilipoweka kidole. Hakubisha, maana kwenye kasoro hakuwahi kunibishia hata siku moja. Akaikunja ile kamba akaondoka nayo, na tangu hapo hakunionyesha kitu tena. Mtambo wake aliuhamishia kwa rafiki yake Kirumba. Jioni alirudi, akala, akajibu alipoulizwa, akalala.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Wanaume waliopunguzwa walikuwa wakiondoka mmoja mmoja kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na wengi walianza hivyohivyo, kwa kunyamaza. Wapo waliofukiwa na mashimo, wapo waliooa hukohuko wakasahau walikotoka. Njaa sikuiogopa, mifupa ya sangara haikuwa ikiisha. Niliogopa kuachwa na mtu ambaye bado alikuwa akilala pembeni yangu. Na kwa kuwa nilizoea kutafuta kosa, nililitafuta kwake. Ana kiburi. Hasemi. Anahangaika na majani kama mtoto. Nyani haoni kundule.

Aliyenishtua alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa mfumaji katika kiwanda kilekile tangu kabla sijaajiriwa. Alikuja asubuhi moja kuomba kipande cha kitambaa cha kumbebea mjukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia una majora manne chini ya kitanda. Unayaatamia?"

"Mabovu hayo, mama. Yana alama zangu mwenyewe."

"Lete niyaone."

Nilitandaza jora moja kitandani. Yule mama hakutafuta kasoro, alizisoma. Aliweka kidole kwenye mstari mnene uliokatisha kitambaa, akacheka. "Hapa umeme ulikatika. Mashine ikisimama ghafla kisha ikaanza tena, nyuzi zinabanana hivi." Akasogea mbele kidogo. "Hili fundo limefungwa kwa mkono wa kushoto. Huyu namjua, tulikuwa zamu moja. Alikuwa ananyonyesha, maziwa yakimjaa anafanya kila kitu mbiombio." Akafika mahali ambapo nyuzi ziliruka kwa urefu wa hatua nzima. Hapo hakucheka. Alisema hiyo ni siku walipoletewa habari kwamba mwenzao amefariki, wakaambiwa watalia zamu ikiisha.

"Wewe miaka yote hukuyajua haya?" akaniuliza.

"Nilijua ni kasoro."

"Hukuuliza imekuwaje?"

"Haikuwa kazi yangu, mama."

"Haya. Sasa huna kazi. Uliza."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Mtu anakuja kuomba kitambaa, anaondoka nacho, na juu yake anakuachia somo. Lakini mafuta yangu yalipoa siku ile kwa sababu nilirudi chumbani kulitazama lile jora. Niliinamia kila alama ya chaki nikijiuliza imekuwaje. Mara nyingi sikuwa na jibu, nikawa nabeba maswali kwa jirani kama mwanafunzi anayebeba daftari. Alinifundisha kutofautisha doa la grisi la mashine na doa la mafuta ya nywele. Alinionyesha mahali ambapo mfumaji alisinzia. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimewasoma watu hawa kila siku bila kujua kwamba ninasoma.

Baadaye nikaazima cherehani yake. Fundi yeyote angeondoa sehemu zenye alama akashona zilizobaki. Mimi nilizikata hizohizo. Mistari minene niliipanga pamoja. Madoa niliyazungushia uzi mwekundu kwa mkono, mengine yakawa maua, mengine yakawa sato. Penye tundu niliweka kiraka cha kitenge kikachungulia kwa ndani. Nikaunganisha vipande mpaka ikapatikana shuka ya kutandika kitanda. Ya kwanza ilikuwa mbaya, pembe hazikukutana, na mkaguzi aliyemo ndani yangu aliamka akataka chaki. Nikamwambia anyamaze, nikaanza ya pili. Mama mmoja wa kwaya aliiona hiyo ya pili akaitaka kwa ajili ya harusi ya binti yake, wengine wakafuata.

Sikutajirika, wala sikuacha mapanki. Ila nilianza kuamka nikiwa na kitu ninachotaka kukiona. Wale walioniambia nijipe moyo hawakuniambia moyo unapatikana wapi, nami niliupata kwenye doa la grisi, mahali ambapo hakuna mchungaji angenielekeza. Mgongo uliendelea kuuma. Macho yaliendelea kuwasha kwa moshi. Uchovu ulikuwa uleule, lakini sasa ulikuwa na dirisha.

Na hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Nilijifunza kukiuliza kitambaa, sikufikiria kumwuliza mtu. Wakati wa Kwaresima, jioni moja, mume wangu alirudi akanikuta nimetandaza shuka sakafuni. Alichuchumaa, akagusa ua moja, akasema, "Hili doa lilitoka kwenye mashine yangu. Ile ya saba, iliyokuwa ikivuja." Nadhani alitaka kuendelea. Nilikuwa na pini mdomoni, nikamwambia atoe mkono, una vumbi. Akautoa.

Wiki chache baada ya Pasaka, tukiwa kwenye foleni ya bomba, jirani yangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mume wangu anaondoka Jumatatu kwenda machimboni na wenzake watano. Alidhani ninajua. Niliacha ndoo yangu pale kwenye foleni, nikaenda Kirumba kwa miguu, njia nzima nikipanga maneno ya kumkaripia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya rafiki yake, peke yake, akisokota. Ukutani kulikuwa na mikunjo ya kamba kama ishirini, imekauka, rangi ya asali, haina ukungu popote. Nilitafuta, kwa mazoea. Sikuona hata alama moja. Maneno yote niliyopanga yakanipotea, nikajikuta namwuliza, "Ukungu umeutoaje?"

Aliniangalia kwanza, kama anayepima kama ni mtego. Kisha akasema, "Moshi."

"Moshi gani?"

Akanieleza. Alikuwa amejaribu chumvi, akajaribu chokaa, akajaribu majivu, akaanika wiki mbili mfululizo, ukungu ukarudi. Siku moja akawatazama akina mama wanaobanika sangara kwenye soko la Mwaloni, akawaza: kama moshi unazuia samaki asioze, utashindwa na jani? Akawaomba wamruhusu kutundika mabua yake juu ya tanuri zao. Walimcheka. Mara ya kwanza yaliungua, mara ya pili yakawa magumu yakavunjika, mara ya tatu ndiyo hii. Nilimwuliza alijuaje yametosha. Akanishikisha bua nilisikie. Nilimwuliza yale magumu aliyafanyia nini, akaenda kuyaleta, alikuwa ameyahifadhi yote, na kila fungu alikumbuka siku yake. Tulikaa pale mpaka jua likageukia upande wa ziwa. Sikumbuki lini nilimsikia akisema maneno mengi namna ile. Mikono yake ilikuwa ikizungumza pamoja naye. Nilikuwa na furaha, naitaja kama ilivyo, furaha ya msichana aliyekwenda kulalamika kuhusu mstari kwenye kitambaa.

"Basi usiende," nikamwambia. "Tuifanye kazi hii wawili. Mimi nitashona na kamba zako."

Akaweka bua chini. Kisha akasema, bila hasira, "Ungeniuliza hivi kabla ya Pasaka, nisingekwenda kwa mganga na wenzangu."

Sikuhitaji kuelezwa. Watu wa huku wakikubaliana kwenda machimboni, huenda kwanza kwa mganga pamoja, wakachanjwa chale siku moja kwa dawa moja, ili bahati yao iwe moja. Wapo kati yao wanaosali kila Jumapili, na huchanjwa vilevile. Atakayejitoa baada ya hapo amewavunjia wenzake kinga, na shimo likiporomoka watajua wa kumlaumu, naye atajua pia. Mume wangu hakuwa mtu wa kuamini sana mambo hayo. Lakini alikuwa mtu wa kutovunja neno mbele ya wanaume watano.

Akakunja mikono ya shati, akanionyesha. Zilikuwa chale tatu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na tatu kwenye wa kushoto, nyeusi kwa dawa, zimeshafunga na kuota ngozi mpya. Zilikuwa na wiki tatu. Wiki tatu nilikuwa nimempokea huyu mtu mlangoni, nimemwagia maji anawe, nimempakulia, nimelala naye kitanda kimoja, na sikuziona.

Nikamwuliza kama ziliuma.

"Ziliuma," akasema, akashusha mikono ya shati.