Sufuria ya Mchawi

Mama yangu alikuwa mchawi wa filamu. Hakuwahi kuwa mhusika mkuu hata mara moja. Alitokea dakika chache, akamroga mkwe au mjukuu, akaumbuliwa na mchungaji, na filamu ikaendelea bila yeye. Picha yake haikuwekwa kwenye matangazo. Hata hivyo, ukipita naye sokoni Uyole, watu walimtambua yeye kuliko yule binti mrembo aliyerogwa, na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia.

Kabla ya hayo, pale Iyunga tulipokaa, mama alijulikana kwa jambo moja: kupika msibani. Baba aliletwa Mbeya na kazi ya reli, na wote wawili walikuwa Wahehe wa Iringa, upande wa Tosamaganga, kwa hiyo mtaani tulikuwa wageni. Mama hakukubali kubaki mgeni. Msiba ukitokea, uwe wa Mnyakyusa, Msafwa au Msangu, alifika kabla turubai halijafungwa, khanga kiunoni, sufuria yake kubwa kichwani. Kupikia msiba mzima kwa kuni mbichi, mvua ya Mbeya ikikunyeshea mgongoni, si mchezo. Unainama, unapuliza, moshi unakuingia mpaka kooni. Mama alipuliza moto wa misiba ya watu miaka yote niliyoishi naye, na macho yake yakawa mekundu moja kwa moja.

Malipo yake yalikuwa ukoko. Si kuula, bali kuona watu wakiugombea. Wali ukiisha, wanawake waliinamia sufuria yake wakakwangua na kusukumana kwa viwiko, wakisahau kidogo kwamba wako msibani. Mama alirudi nyumbani na sufuria tupu, akaigonga kwa kidole mlangoni ili tusikie inavyolia. Baba alikuwa anasema, "Haya, bingwa karudi."

Kuigiza alianzia kanisani. Ijumaa Kuu parokia yetu huigiza njia ya msalaba, na mama alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaolia njiani. Alikuwa halii vya kuigiza. Machozi yalikuja yenyewe, mpaka watoto wakaogopa. Mwaka mmoja alikuwepo kijana mwenye kamera, muongozaji wa filamu zetu hizi za hapa hapa, zinazopigwa kwa siku chache halafu zikazunguka kwenye simu na mabanda ya video. Baada ya ibada alimfuata mama na kumwambia anamhitaji. Mama aliamini anahitajika kulia. Alipiga pasi kitenge chake cha Krismasi, akapaka mafuta mikono, akaenda shambani Uyole kulikokuwa kunapigwa picha.

Yule kijana alikitazama kitenge akatikisa kichwa. "Hapana mama, hiyo vua. We una macho bwana. Macho yako ndo filamu yenyewe."

Akampa kaniki nyeusi.

Mwenye kujua filamu zetu anajua kwamba hazina maandishi. Muongozaji anakuambia kinachotokea, maneno unatafuta mwenyewe. "Mama, hapa unamroga mkwe. Sema chochote, ila kwa kilugha." Sasa mama, mtu wa rozari asubuhi na jioni, angejua wapi maneno ya kuroga? Kamera ilikuwa tayari inamwangalia. Akafungua mdomo akaeleza, kwa Kihehe, namna ya kuchuma majani ya maboga, kuyamenya nyuzi na kuyaunga kwa karanga, vile vile alivyofundishwa na mama yake. Aliyasema kwa sauti nzito, macho kayatoa, mwili mzima ukitetemeka, na kule kutetemeka ilikuwa baridi ya Julai tu. Kijana alishangilia mpaka akasahau kuzima kamera.

Aliporudi akatuonyesha alivyofanya, tulicheka mpaka baba akashika mbavu. Tulicheka kwa sababu Kihehe tunakijua. Mtaani hawakijui.

Msiba uliofuata ulikuwa wa jirani wa nyumba ya tatu, na filamu ilikwisha kuzunguka kwenye simu za watu. Mama alipika kama kawaida. Hakuna aliyemfukuza wala kumwambia neno baya. Watu walijipanga tu kwenye masufuria mengine. Mstari wa pale ulifika hadi barabarani, na mbele ya mama hapakuwa na mtu. Alisimama na upawa wake mkononi akimtabasamia kila anayepita. Mimi nina mdomo, najijua, nikamfuata mama mmoja aliyenijua tangu nasoma chekechea nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, mi na mama yako hatuna ugomvi," alisema kwa upole kabisa. "Ila yale maneno aliyajulia wapi?"

Nikamwambia ni majani ya maboga. Nikamtafsiria neno kwa neno, na karanga zake. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mtoto anamfichia mzazi wake aibu, akaenda zake kula kwingine. Siku ile mama alirudi na sufuria imejaa. Tuliula ule wali siku iliyofuata na nyingine tena. Hakuigonga sufuria kwa kidole.

Watu huniuliza kwa nini hakuacha. Wanauliza wakiwa wamekaa vizuri kwenye makochi yao. Mama aliamini kwamba kilichomchafua ndicho kitakachomsafisha. "Wakiniona hata mara moja nimekuwa bibi mwema, watasahau," alisema. Kila muongozaji aliyempigia simu, yeye alimwomba nafasi ya bibi mwema, na kila mmoja alijibu, "Hiyo inakuja mama, tumalizie hii kwanza," akamtolea kaniki. Akawa anaroga mkwe huyu na yule, akisubiri hiyo inayokuja. Baba alifariki katika miaka hiyo, tukampeleka kwao Iringa, na hata machozi ya mama juu ya jeneza la mume wake kuna watu wa mtaani walioyapima kama ni ya kweli.

Hatimaye yule kijana wa kwanza, ambaye sasa alikuwa na kitambi na kamera kubwa zaidi, alimpa. Bibi anayemlea yatima. Kazi yake ilikuwa kumnywesha mtoto uji akiwa mgonjwa, kumpapasa paji la uso, kumlilia kidogo, basi. Mama alifanya mazoezi nyumbani kwangu wiki nzima. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wangu, nilikuwa nalazwa kwenye mkeka na kunyweshwa uji wa ulezi. "Nimekaa kama bibi?" ananiuliza. Namwambia, "Umekaa kama mama." Anacheka, anaanza upya.

Filamu ilipotoka tulikwenda kuitazama mchana kwenye banda la video Uyole. Mama alivaa kile kitenge ambacho hakikuwahi kupigwa picha. Banda lilijaa, vijana wa sokoni na madereva waliopumzisha malori, akina mama wachache nyuma pamoja nasi. Ndani kulikuwa na giza, hakuna aliyemwona. Akatokea kwenye skrini, kikombe mkononi, anapuliza uji upoe.

"Usinywe!" mtu akapiga kelele.

Banda zima likaitikia. "Usinywe! Mtoto, usinywe!" Mtoto akanywa. "Kwisha habari yake!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama wa kwenye skrini akampapasa mtoto paji la uso, kisha akalia, na kilikuwa kilio kile kile cha Ijumaa Kuu. Kijana mmoja mbele yetu akamwambia mwenzake, "Anajifanya huyo. Ona macho hayo." Nilinyanyuka nimkamate shati. Mama akanivuta mkono, tukatoka nje.

Tulisimama kando ya barabara kuu tukisubiri malori yapite. Akajirekebisha kitenge.

"Mwanangu, lakini nimeigiza vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Basi," akasema. Tukavuka. Simu za waongozaji hakuzipokea tena.

Kilichomuua ni kifua. Daktari aliuliza kama alikuwa anavuta sigara. Nikamwambia alikuwa anavuta moshi wa misiba. Akaandika tu, hakunielewa.

Iyunga walikuja, siwezi kuwasingizia. Walikuja wote na walilia machozi ya kweli, na yule mama aliyenijua tangu chekechea alilia mpaka akashikiliwa. Walimpenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba walimpenda na bado walimwogopa. Kila mwanamke alikuja na sufuria yake kutoka nyumbani. Ya mama ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya nyumba, na masizi yake yote, na waliokuwa wanapika waliizunguka kwa mbali kidogo. Nilitamani kuwafukuza wote. Shangazi yangu alinishika kiuno, akaninong'oneza nijikaze.

Asubuhi ya kusafiri niliichukua sufuria nikaipandisha kwenye gari la jeneza. Dereva alikunja uso. "Dada, sufuria na marehemu?"

"Ndiyo. Wanakwenda pamoja."

Tulimzika kando ya baba, kwenye kiwanja cha ukoo, karibu na Tosamaganga. Wanawake wa kule hawakuuliza sufuria ni ya nani. Waliona ni kubwa, wakaiweka kwenye mafiga, mimi nikainama kupuliza moto. Wakati wali unakauka, binamu yangu mmoja aliwaonyesha wenzake ile filamu ya kwanza kwenye simu. Wanawake wakajikusanya. Mmoja akapasuka kwa kicheko: "Jamani, huyu anaroga au anapika?" Wakacheka wakishikana mabega, mwingine akamalizia maneno pamoja na mama, mpaka pale pa karanga, na katikati ya kicheko wakaanza kulia. Nililia nao. Tangu alipolazwa hospitali sikuwa nimelia hivyo.

Watu walikula. Walipopungua nilikwenda kuosha vyombo, na bibi mmoja aliyekulia pamoja na mama akaja taratibu na fimbo yake, akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, bibi."

Akachungulia ndani ya sufuria. "Ukoko haukubaki?"

"Wameumaliza, bibi. Wamegombania."

Akapitisha kidole pembeni, akapata punje chache zilizoungua, akazitafuna. "Mmenionea," akasema, akaondoka akinung'unika.

Niliinyanyua sufuria. Ilikuwa nyepesi. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama kaburi lilionekana, udongo wake bado mbichi. Nikaigonga kwa kidole, kwa nguvu, ili asikie.